Mafao ya afya na fedha kazini: ulinganisho wa mipango iliyo mbele ya mwajiri

Waajiri wawili wanaweza kutenga kiasi kilekile cha fedha kwa kila mfanyakazi na kuandika maneno yaleyale katika mkataba, na bado mmoja akawa amewakinga watu wake dhidi ya kufilisika huku mwingine akiwa amenunua kitu cha kupamba tangazo la kazi. Tofauti hiyo haitokani na urefu wa orodha ya mafao, bali na namna kila fao lilivyopangwa: nani anaingia bila kuomba, nani anatoa fedha kwanza, na msaada unafika siku gani. Ulinganisho huu unamlenga mwajiri, ofisa wa rasilimali watu au kamati ya wafanyakazi inayolazimika kuchagua kati ya mipango kadhaa ilhali bajeti ni moja. Mambo yanayoamriwa na sheria, kama michango ya hifadhi ya jamii, hayachaguliwi, kwa hiyo hapa yanachukuliwa kuwa msingi uliokwisha kuwekwa.

Matibabu: posho, bima ya kundi au mfuko wa mwajiri mwenyewe

Njia nyepesi kuliko zote ni posho ya matibabu inayoongezwa kwenye mshahara. Haihitaji mkataba na mtu wa tatu, haina fomu, na mfanyakazi anaiona kila mwezi. Kasoro yake ni ya hesabu. Gharama za ugonjwa hazigawanyiki sawasawa: katika kundi lolote na mwaka wowote, watu wachache ndio wanaobeba sehemu kubwa ya gharama zote, na ni vigumu kujua mapema watakuwa akina nani. Posho iliyo sawa kwa wote humpa aliye mzima zaidi ya anachohitaji, na humpa aliyelazwa kiasi kisichotosha hata siku za mwanzo. Wala si rahisi kwa mfanyakazi kuichukua posho hiyo akanunue bima yake peke yake, kwa kuwa pale sheria inaporuhusu, kampuni za bima humpangia mtu binafsi bei kwa kutazama umri wake na historia ya maradhi yake.

Bima ya kundi huondoa tatizo hilo kwa njia isiyo na ujanja mwingi. Watu wamo kundini kwa sababu wameajiriwa, si kwa sababu wanatarajia kuugua, na ndiyo maana kampuni ya bima inaweza kuwapokea wote bila kumpima mmoja mmoja. Faida hiyo hudumu kwa sharti kwamba wote waingie. Mwajiri anayewaruhusu walio wazima kujitoa na kuchukua fedha taslimu atajikuta, baada ya miaka michache, amebaki na kundi la wanaougua zaidi na ada inayopanda kila inapohuishwa. Udhaifu mwingine huonekana kwenye taasisi ndogo, ambako mgonjwa mmoja mwenye gharama kubwa anaweza kuibadilisha bei ya mwaka unaofuata kwa wote.

Mfuko wa mwajiri mwenyewe, ambao hulipa madai moja kwa moja bila kampuni ya bima kubeba hatari, huokoa faida na gharama ambazo kampuni hiyo ingetoza, na humpa mwajiri uhuru wa kuamua nini kilipwe. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya wafanyakazi walio katika mipango ya matibabu ya waajiri wamo katika mipango ya aina hii. Hata hivyo uhuru huo una bei. Mfuko unahitaji watu wengi ili mwaka mbaya wa mtu mmoja usiutikise, unahitaji bima ya ziada inayoanza kulipa madai yanapovuka kiwango fulani, na juu ya yote unahitaji ukuta kati ya anayelipa hati za hospitali na anayepandisha watu vyeo. Pale ambapo mhasibu wa ofisi ndiye anayepokea hati za matibabu, kuna magonjwa ambayo watu watayaficha mpaka yawe yamechelewa. Kwa taasisi yenye wafanyakazi wachache, nisingesita kuchagua bima ya kundi. Mfuko ni wa mwajiri mkubwa aliye tayari kumkabidhi msimamizi wa nje kazi ya kushughulikia madai.

Aina ya mpango ikishachaguliwa, linabaki swali ambalo naona ni zito kuliko hilo la kwanza, nalo hupewa muda mdogo sana katika majadiliano. Tuchukue bima mbili zenye ada ileile. Ya kwanza inalipa kila kitu tangu ziara ya kwanza ya daktari, lakini ina kikomo cha mwaka, na kikomo kikifikiwa mfanyakazi anabaki peke yake. Ya pili inamtaka mfanyakazi achangie kidogo kwenye matibabu madogo, lakini kiasi anachotoa mfukoni kikifikia sehemu fulani ya mshahara wake, bima inalipa yote yaliyobaki. Ya kwanza ndiyo inayopendwa, kwa sababu wengi huitumia na kuona thamani yake. Ya pili ndiyo inayofanya kazi ya bima. Mpango unaolipa yale ambayo familia ingeweza kuyamudu na kumwacha mtu pale hasa anapoanza kuuza mali, umepangwa kichwa chini miguu juu.

Ni kweli kwamba uchangiaji una madhara yake. Jaribio mashuhuri la shirika la utafiti la RAND, lililofanyika Marekani kati ya 1974 na 1982, liliwagawa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, watu wa familia zaidi ya 2,000 katika mipango tofauti, kuanzia matibabu ya bure hadi mpango ambao familia ililipa asilimia 95 ya gharama mpaka ifikie kikomo kilichofungamanishwa na kipato chake. Waliochangia walikwenda hospitali mara chache zaidi, na kwa watu wengi wa kawaida afya haikuonekana kuzorota. Lakini uchangiaji ulipunguza matibabu ya lazima na yasiyo ya lazima kwa kiwango kinachokaribiana, maana mgonjwa hana namna ya kujua lipi ni lipi, na maskini wenye shinikizo la damu walikuwa na hali nzuri zaidi walipotibiwa bure. Hapo linatoka fundisho la kupangia: dawa za magonjwa ya kudumu kama kisukari na shinikizo la damu, kliniki ya wajawazito na chanjo zisiwekewe uchangiaji, na kikomo cha kutoa mfukoni kihesabiwe kwa asilimia ya mshahara badala ya kuwa kiasi kimoja kwa mkurugenzi na mlinzi.

Kuna pia suala la nani analipa kwanza. Mpango wa "lipa kisha udai" na mpango ambao hospitali inadai moja kwa moja kwa kampuni ya bima unaweza kuwa na ada sawa na mafao sawa, lakini wa kwanza humfaa tu mwenye akiba. Mfanyakazi wa mshahara wa chini asiye na fedha ya kutanguliza atachelewa kwenda hospitali ingawa kadi ya bima anayo.

Programu za ustawi au mabadiliko ya kazi yenyewe

Mazoezi ya pamoja, mashindano ya kupunguza uzito, upimaji wa afya wa kila mwaka na programu za simu za kutuliza akili zimekuwa sehemu ya kawaida ya mafao. Kwa muda mrefu ziliuzwa kwa hoja kwamba wanaoshiriki huugua kidogo na kutumia fedha chache. Hoja hiyo ilikuwa na tundu: wanaojiunga na mazoezi ya kazini mara nyingi ni walewale waliokuwa wakifanya mazoezi tangu zamani. Watafiti walipotumia kura badala ya hiari kuamua nani ashiriki, faida iliyeyuka. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, utafiti ulioanza 2016 na kuhusisha karibu wafanyakazi 5,000 haukuona badiliko la maana katika gharama za matibabu wala utoro. Jaribio jingine, katika kampuni ya maduka ya jumla ya Marekani yenye wafanyakazi wapatao 33,000 waliofuatiliwa, lilichapishwa 2019: baada ya miezi 18 watu wa vituo vyenye programu walisema wanafanya mazoezi zaidi, lakini shinikizo la damu, kolesteroli, uzito na gharama havikutofautiana na vituo vingine. Uingereza nako, uchambuzi wa 2024 wa majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 ulionyesha kuwa walioshiriki mafunzo ya kustahimili mkazo na mengine ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki, isipokuwa pale walipopewa nafasi ya kujitolea katika kazi za hisani.

Upande wa pili wa mizani kuna vitu visivyopigwa picha: ratiba inayojulikana mapema, idadi ya watu inayolingana na kazi, na sauti ya mfanyakazi katika namna kazi inavyofanyika. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza 1985 miongoni mwa watumishi wa umma wa Uingereza, ulihusisha uwezo mdogo wa mtu kuiongoza kazi yake na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani zilikadiria mwaka 2022 kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi, na mashirika hayo yalihimiza kushughulikia mzigo wa kazi na mazingira yake, sio kumfundisha mfanyakazi uvumilivu peke yake. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, mazoezi yaje mwisho. Si kwamba yana ubaya. Hayawezi tu kulipia mapungufu ya ratiba ya hovyo.

Huduma ya ushauri nasaha nisingeiweka katika fungu moja na programu hizo, kwa sababu inamhudumia mtu mwenye shida iliyokwisha kujitokeza. Hapa ulinganisho ni mfupi: mshauri aliye ndani ya ofisi anaijua kazi na hupatikana upesi, wa nje anaaminika zaidi. Kama njia ya kumfikia inapita kwa msimamizi wa idara, watakaomtumia watakuwa wachache hata awe stadi kiasi gani.

Likizo ya ugonjwa yenye malipo ni fao la afya na la fedha kwa wakati mmoja, na bado mara nyingi huandikwa kama kanuni ya nidhamu. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1952 uliweka kiwango cha chini cha fao la ugonjwa kwa mfanyakazi wa mfano kuwa asilimia 45 ya mapato, na ule namba 130 wa 1969 ukakipandisha hadi asilimia 60. Mwajiri anayetaka kupunguza utoro huvutiwa na njia iliyo kinyume, yaani bonasi kwa asiyekosa siku hata moja. Bonasi hiyo humlipa mtu aje na homa na kuwaambukiza wenzake, na hata kwa lengo lake lenyewe haina uhakika: katika jaribio lililofanywa kwa wanagenzi 346 wa kampuni moja ya rejareja nchini Ujerumani, bonasi ya fedha iliongeza kutokuwepo kazini kwa takriban asilimia 50. Kukosa siku kulionekana kuwa kitu chenye bei, na chenye bei hununulika.

Fedha: ya uzeeni, ya dharura na ya mkopo

Katika mafao ya kustaafu, jambo linaloamua matokeo kuliko kiwango cha riba au jina la meneja wa mfuko ni fomu: je, mtu anajaza fomu ili aingie, au anaijaza ili atoke? Watafiti Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha mwaka 2001 utafiti wa kampuni moja ya Marekani iliyogeuza utaratibu huo. Walioajiriwa baada ya mabadiliko na kuingizwa moja kwa moja walishiriki kwa asilimia 86, ilhali walioajiriwa mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 49, na mafao yenyewe hayakuwa yamebadilika. Uingereza iliufanya utaratibu huo kuwa sheria kuanzia 2012, na tangu Aprili 2019 mchango wa chini ni asilimia 8 ya mapato yanayohesabiwa, ambapo angalau asilimia 3 hutoka kwa mwajiri.

Kuingizwa moja kwa moja kuna mtego ambao Madrian na Shea wenyewe waliuona: watu hubaki palepale walipowekwa. Wakianzishwa kwa asilimia 3, wengi wataendelea na asilimia 3 kwa miaka, hata wale ambao wangejichagulia kiwango cha juu zaidi. Dawa iliyopendekezwa na wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi ni kumwomba mfanyakazi leo akubali kwamba mchango wake utapanda kila mshahara unapoongezwa, ili asione kamwe mshahara wa kupeleka nyumbani ukishuka. Katika kampuni ya kwanza kuujaribu mpango huo, waliojiunga walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 13.6 katika miezi 40. Kwa mwajiri, gharama ya kubadilisha fomu ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuongeza mchango wake mwenyewe, na ndiyo sababu ningeanzia hapo kabla ya kujadili asilimia.

Mchango wa mwajiri nao unaweza kupangwa kwa namna mbili. Wa kwanza hulingana na wa mfanyakazi: weka tano, nikuwekee tano. Wa pili hutolewa kwa kila mtu bila sharti. Wa kwanza huhamasisha kuweka akiba, lakini huwapelekea fedha za mwajiri wale walio na ziada ya kuweka, na humkosesha mfanyakazi wa chini ambaye mshahara wake unaisha kabla ya mwezi. Mchanganyiko unafaa kuliko kuchagua upande mmoja: kiasi kidogo bila sharti kwa wote, kisha nyongeza ya kulinganisha.

Hata hivyo fedha iliyofungiwa mpaka miaka 60 haimsaidii mtu ambaye paa lake limeezuliwa leo, na mfanyakazi asiye na akiba ya karibu atakopa kwa riba kubwa huku salio lake la uzeeni likikua kwenye karatasi. Ndipo akiba ya dharura inapoingia: makato madogo yanayokwenda kwenye akaunti ya mfanyakazi mwenyewe, ambayo anaweza kuitoa bila kueleza sababu. Sheria ya Marekani ya 2022 ijulikanayo kama SECURE 2.0 iliruhusu waajiri kuambatanisha akaunti ya namna hii na mpango wa kustaafu, ikiwa na kikomo cha dola 2,500 kwa michango ya mfanyakazi, na kuruhusu kumwingiza moja kwa moja mfanyakazi asiye katika daraja la wenye vipato vikubwa. Kipengele cha kutoeleza sababu nakiona kuwa cha msingi. Akiba inayohitaji barua ya maombi na saini ya meneja hugeuka kuwa hisani.

Mkopo wa mwajiri na mshahara wa mbele ndivyo vinavyoombwa zaidi, na ndivyo vinavyohitaji tahadhari kubwa zaidi. Mkopo wenye riba ndogo unaokatwa kwenye mshahara humwokoa mtu kutoka kwa wakopeshaji wa mitaani, lakini makato yasiyo na ukomo huacha mshahara usiotosha nauli, na mkopo unaodaiwa wote siku mtu anapoacha kazi humfunga kwa mwajiri wake. Mshahara wa mbele unaotozwa ada kwa kila ombi ni mbaya zaidi, kwa sababu pengo la mwezi huu hujazwa kwa kuchimba la mwezi ujao. Kabla ya kuutoa kama fao, mwajiri angejiuliza kwa nini asilipe mshahara mara mbili kwa mwezi. Ushahidi wa nguvu ya muda wa malipo upo: katika jaribio lililofanyika jimbo la Odisha, India, wafanyakazi waliolipwa kwa idadi ya walichotengeneza walipewa sehemu ya ujira wao mapema, kwa viwango vilevile, na uzalishaji wao ukaongezeka kwa takriban asilimia 7, huku makosa yakipungua. Hawakupewa ongezeko lolote la ujira. Walipunguziwa wasiwasi tu.

Semina za elimu ya fedha ni rahisi kuzipanga na ni rahisi pia kuzitarajia makubwa. Uchambuzi uliochapishwa 2014 na kujumlisha tafiti 201 ulikuta kwamba elimu hiyo ilieleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za watu katika tabia za kifedha, na kwamba athari yake hufifia kadiri miezi inavyopita. Uchambuzi wa baadaye uliojikita kwenye majaribio yaliyogawa watu kwa kura ulikuta matokeo bora kuliko hayo. Ninavyoona, somo fupi linalotolewa siku mtu anapojaza fomu ya mkopo au anapokaribia kustaafu linafaa, na mfululizo wa mihadhara kwa watu wasio na uamuzi mbele yao haufai.

Kifurushi kimoja au uchaguzi huru

Baadhi ya waajiri humpa kila mfanyakazi kiasi cha pointi na orodha ya kuchagua. Hoja yao ina uzito, kwa sababu mwenye watoto wanne na kijana asiye na wategemezi hawahitaji vitu vilevile. Ila uchaguzi huru kabisa unarudisha tatizo la bima lililoelezwa hapo juu, kwa kuwa kila mtu atachagua kinga anayojua ataitumia, na bei ya kinga hiyo itapanda mpaka imshinde anayeihitaji. Kwa hiyo matibabu makubwa, bima ya ulemavu na ya kifo, na pensheni viwe vya wote bila chaguo, kisha pembeni yake kuwe na uchaguzi katika vitu visivyo na hatari hiyo, kama siku za ziada za likizo, miwani au huduma ya kulea watoto. Bima ya ulemavu hasa husahauliwa, ingawa kwa mtu wa umri wa kazi kupoteza uwezo wa kuchuma kunaweza kuipiga familia kuliko gharama ya hospitali iliyosababisha.

Kwa mwajiri mdogo mwenye bajeti finyu, mpangilio wangu ungekuwa bima ya kundi yenye uchangiaji mdogo na isiyomwachia mtu gharama kubwa, likizo ya ugonjwa yenye malipo, na mshahara unaolipwa tarehe ileile bila kuteleza, ambao hauonekani kwenye orodha ya mafao ya mtu yeyote. Mwajiri mkubwa anaweza kuongeza akiba ya dharura na mchango wa pensheni usio na sharti. Pale ambapo watu huingia na kutoka haraka, au kazi ni ya msimu, fao lenye thamani ni lile linaloondoka na mtu: salio la pensheni linalohamishika bila kusubiri miaka ya kulistahili, na akaunti ya akiba iliyo kwa jina lake. Fao linalomhitaji mtu akae miaka mitano ndipo alimiliki, katika sehemu ambayo wengi hukaa mwaka mmoja, ni ahadi inayogharimiwa na wanaoondoka kwa manufaa ya wachache wanaobaki.

Baada ya mwaka mmoja, mwajiri aombe kutoka kwa kampuni ya bima au msimamizi wa nje takwimu za matumizi zilizopangwa kwa madaraja ya mshahara, bila majina, na daraja lenye watu wachache mno liunganishwe na jingine ili mtu asitambulike. Kama walio daraja la chini wanatumia bima kidogo kuliko walio juu, kosa litafutwe kwenye fomu, kwenye malipo ya kutanguliza, kwenye umbali wa hospitali zilizo katika mkataba, au kwenye ruhusa ya kutoka kazini kwenda kutibiwa, kabla ya mtu yeyote kudhani kwamba wao ndio wenye afya zaidi.